Uwiano wa Moja kwa Saba

Aikande alimleta mama yake ndani ya boksi la viatu,
amemviringisha taulo asimeguke:
udongo wa Mto Themi, shubiri moja na nusu,
mwanamke ameinamia debe la maharage
anausawazisha mdomo wake kwa mkono wa kulia.
"Kaka yangu Penueli ndiye aliyemfinyanga," akasema,
"mwaka ule kifua kilipomzidi.
Wauza maharage wanamtaka mbele ya ofisi ya chama,
awe mrefu kuliko mlango.
Si wewe unachomelea mageti?"

Mimi nachomelea mageti. Unga Limited nzima inajua:
mageti, vitanda, keria za pikipiki.
Usiku ule nikachora sakafuni, kwa chaki ya fundi cherehani,
msambamba: fito nne, bawaba nne,
umbo lile lile ambalo mwalimu wa hesabu alinichapia
bila kuniambia kwamba linatembea.

Funga ncha moja isitoroke. Sindano ikisogea kidole kimoja,
upande wa pili unasogea vidole saba.
Basi. Siri yenyewe ndiyo hiyo.
Yaliyobaki ni chuma na ukaidi wake.

Mkono wa kwanza ulilegea kama mkia wa mbuzi.
Wa pili ulikuwa mzito, ukaangusha benchi
na chai ya Loishiye.
Wa tatu nikaupa mabomba ya antena za zamani,
nikautundikia nyuma kopo la rangi lililojaa zege
mpaka uzito ukasahau uko upande gani,
na mkono ukabaki hewani pale ulipoachwa
kama mtu aliyepotewa na alichotaka kusema.

Mota ni ya waipa za Fuso. Haina papara.
Inaiburuza sindano juu ya udongo, mstari baada ya mstari,
kwa wepesi wa nzi anayenusa jeraha,
na kule ng'ambo kitanzi cha waya wa jiko la umeme,
chekundu, kinazama katika sponji ngumu
ya maboksi ya kusafirishia maua.
Harufu yake hatuizungumzii.

Siku ya tisa umeme ulikatika tukiwa sikioni.
Waya ukapoa ndani ya kichwa cha mama.
Aikande akasema gizani:
"Wengine husawazisha kwa kiganja, kinabonyea katikati,
faida inabaki kwao.
Yeye alitumia mfupa wa mkono.
Mfupa haubonyei."

Mashine hii haijui kosa ni lipi.
Inakuza tu. Beringi ilitetemeka unene wa unywele,
shavuni kukawa na mfereji.
Nikakaza nati, nikakata ndara yangu mwenyewe
raba ikae chini ya egemeo, nikarudia shavu zima.

Kwa hiyo tulipofika kwenye kiwiko
na matuta yakaanza kutokea,
matuta yaliyopinda, yakifuatana,
nilizima mota nikatukana kwa Kipare.
Nikafungua beringi. Safi. Nikapima fito. Sawa.
Msasa ulikuwa tayari mkononi
Loishiye alipoimulika ile sanamu ndogo kwa tochi ya simu,
pua yake karibu iguse udongo.
"Bosi," akasema. "Hili ni dole gumba."

Pale Penueli alipobonyeza kiwiko kikashika.
Mara moja tu, bila shaka, akiwaza kitu kingine.

Mara saba, ni shamba lililolimwa kufuata mteremko.
Aikande alikuja jioni, hatukumwambia neno.
Aliweka kiganja chake pale, chote,
vidole amevikunja,
na kiganja kikaenea ndani ya dole la kaka yake.
Akakaa hivyo.
Nje mtu alikuwa anabishana bei ya bati.

Nikaurudisha msasa kwenye ndoo.
Umeme ulikuwepo.
Loishiye akabonyeza swichi,
tukaendelea na debe.